Pinki Isiyotoka Kwenye Kioo cha Tenki la Maji Chumvi: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Nasafisha matenki ya samaki wa maji chumvi hapa Dar, majumbani, kwenye migahawa, na kuna kliniki moja ya meno nayo ni mteja wangu wa siku nyingi. Kila asubuhi nikifungua simu nakuta picha ya kioo kina madoa ya zambarau na chini yake "fundi hii kitu imegoma kabisa". Nimechoka kuandika jibu lilelile kwa kidole kimoja nikiwa kwenye bodaboda, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Hayana mpangilio wowote, nimeyaandika kadiri nilivyoyakumbuka.

Hii pinki ni uchafu au ugonjwa?

Si uchafu, si ugonjwa. Ni mwani, ila mwani uliojijengea ukuta wa chokaa. Sisi mafundi tunauita koralaini. Uko kwenye ukoo wa mwani mwekundu, unavuta kalsiamu na kaboneti iliyoyeyuka kwenye maji halafu unaigandisha ndani ya kuta za seli zake, kwa hiyo ukipitisha sponji unakuwa unasugua jiwe kwa kitambaa, utasugua mpaka kesho. Zile nyumba za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar, chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, na hii ya kwenye kioo chako kiasili ni kitu kimoja na yale mawe, kalsiamu kaboneti, tofauti hii bado ina uhai. Ukishaelewa kwamba ni jiwe, maswali yote yanayofuata yanakuwa mepesi, maana jiwe linatoka kwa njia mbili tu, kukwangua au asidi, na asidi ndani ya tenki lenye samaki hairuhusiwi. Nitarudi huko.

Nitajuaje ni koralaini na sio kitu kingine?

Pitisha ukucha. Ikiteleza ikatoka, sio yenyewe. Ile ya kahawia kama vumbi inayokuja wiki za mwanzo tenki likiwa jipya ni diatomu, inafutika na kidole. Ile nyekundu ya utelezi inayojikunjua kama shuka na kutoa mapovu, hao ni sainobakteria, watu wengi wanaichanganya na koralaini kwa sababu ya rangi lakini ile ni laini kama kamasi. Koralaini ukiigusa ni kavu-kavu hata ikiwa ndani ya maji, ina ukakasi, inaanza na vidoa vya duara vidogo kama kichwa cha pini halafu vinapanuka mpaka vinagusana. Kama bado una wasiwasi banja kipande kidogo, kitoe nje, kiweke kwenye kisahani, dondoshea siki. Kikitoa povu la kuchemka ni chokaa, mjadala umeisha.

Lakini mimi sijaweka koralaini, imetoka wapi?

Umeweka bila kujua. Imekuja na jiwe, au imekuja mgongoni kwa konokono, au kwenye kijiwe kidogo kilichoshika tumbawe ulilonunua, au kwenye yale maji ya bahari uliyochota. Mbegu zake hazionekani kwa macho. Tenki likishatulia miezi kadhaa inaanza kujitokeza, kwanza nyuma ya pampu mahali usipoangalia, baadaye kioo cha pembeni, na ukija kushtuka iko mbele.

Na hapa niseme kitu kwa sababu naulizwa sana na wanaotaka kwenda kuokota mawe ya pinki Mbudya au Bongoyo. Usifanye hivyo. Vile visiwa viko kwenye hifadhi ya bahari, na matumbawe magumu pamoja na mawe yake ya kibiashara yako kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, sio karanga za kuokota.

Inadhuru samaki? Lazima nitoe yote?

Haidhuru hata kidogo, na usitoe yote. Kule baharini koralaini ndo saruji inayoshikanisha miamba, na vifaranga vya matumbawe vikitafuta pa kukaa vingi vinachagua mahali penye koralaini. Tenki lenye koralaini nyingi ni tenki lenye maji mazuri, mwenye tenki chafu hii shida hana. Mimi msimamo wangu uko wazi, kioo cha mbele kisafi kabisa, vya pembeni ukipenda, kioo cha nyuma acha kiwe zambarau, kinapendeza kuliko ile karatasi ya picha ya bahari mnayobandika. Kuna mteja alitaka kila kioo king'ae pande zote nne pamoja na mabomba, nikamwambia mama hiyo ni kazi ya kila siku na mimi nakuja mara mbili kwa mwezi, tukaelewana kioo cha mbele.

Sasa niambie, nakwangua na nini?

Kama tenki ni la kioo halisi, wembe. Sijaona kinachoushinda. Sio wembe mtupu wa kunyolea ule wa pande mbili, ule unapinda na utakukata, nazungumzia blade nene ya upande mmoja inayokaa kwenye mpini, ile mafundi rangi wanayotumia kukwangua rangi kwenye madirisha. Zipo za mpini mrefu za matenki kabisa, ukipata chukua, zinakuokoa kuzamisha mkono mpaka kwapani.

Namna ninavyofanya mimi ni hivi. Nachomoa pampu na heta kwenye umeme kwanza, hilo sitanii, mkono wako uko kwenye maji ya chumvi. Naangalia ukingo wa blade, ukiwa na pengo hata dogo natupa, pengo ndo linalochora kioo. Nailaza blade karibu na kioo, sio wima, kama nyuzi 30 hivi, halafu naanza juu kidogo ya mchanga, sentimita 3 au 4, nasukuma kwenda JUU. Watu wengi wanashuka kutoka juu kwenda chini, wakifika chini blade inachota chembe za mchanga, wanaipandisha tena, na hapo ndo kioo kinapata mkwaruzo mrefu kama barabara. Nasukuma kwa mistari mifupi inayopandana kidogo, bila nguvu nyingi. Ukiona unatumia nguvu jua blade imeisha makali, badilisha. Kioo cha futi nne kikiwa kimefunikwa chote kinaweza kula blade tatu au nne na sioni tabu, blade ni bei ndogo, kioo sio.

Ukishamaliza raundi ya kwanza utaona kama kivuli cheupe kimebaki, ramani ramani. Usishtuke, ile ni ngozi ya chini kabisa ya koralaini iliyogandia kioo. Pita tena, safari hii blade mpya na ilaze zaidi, inatoka.

Blade za chuma cha kawaida zinashika kutu ndani ya usiku mmoja ukiziacha na chumvi. Suuza maji baridi, kausha, paka hata mafuta kidogo ila uyafute kabisa kabla hujairudisha majini. Na usiisahau ndani ya tenki.

Stilwaya je? Au msasa?

Hapana na hapana. Naomba niwaambie aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kwenye hii kazi nilipewa tenki la mgahawa, koralaini imejaa, mimi mjanja nikachukua stilwaya ya kuoshea masufuria. Ilitoka, haki ya Mungu ilitoka, ikabaki safi, nikapiga picha. Jioni taa za mgahawa zilipowashwa kioo chote kikaonekana kama kimepitiwa na paka. Nililipa kwa kufanya usafi wa bure karibu mwaka mzima. Na vile vipande vya chuma vilivyobaki mchangani vikaendelea kuwa kutu.

Sababu yake ni ugumu. Kwenye kile kipimo cha ugumu wa madini, chokaa ya koralaini iko kama 3, kioo kiko kwenye 5.5 hivi, na chembe za kwatzi zilizo kwenye mchanga wa mtoni na fukwe nyingi ni 7. Kwa hiyo koralaini yenyewe haiwezi kukwaruza kioo chako hata uisugue vipi. Kinachokwaruza ni chembe moja ya mchanga iliyokwama kwenye kifaa. Ukikariri hilo tu nusu ya matatizo yameisha.

Sumaku ya kusafishia haitoshi?

Ile ya vipande viwili, kimoja ndani ya tenki kimoja nje, vinashikana kupitia kioo? Inatosha kama unaitumia kila baada ya siku mbili tatu. Koralaini changa ya wiki moja inatoka kwa sumaku yenye upande mgumu. Ya mwezi mzima sumaku inapita juu yake inateleza. Zipo sumaku zinazofungwa blade ndogo, hizo zinafanya kazi nzuri sana, ila soma kwenye pakiti inafaa kioo cha unene gani, maana nguvu ya sumaku inakufa haraka kioo kikiwa kinene, ukinunua ya kioo cha milimita 6 ukaiweka kwenye kioo cha 12 itakuwa inadondoka kila sekunde. Ikidondoka kwenye mchanga usiivute moja kwa moja irudi kwenye kioo!!! Toa, suuza, pitisha kidole, ndo urudishe. Halafu zile kubwa za matenki manene zina nguvu ya ajabu, usiache vipande viwili vikutane mtoto akiwa ameshika kimoja.

Na usiiache imeganda mahali pamoja ndani ya tenki wiki nzima, koralaini itaota juu ya sumaku yenyewe na siku ukiisogeza unakuwa unasugua kioo kwa jiwe na mchanga uliojificha humo.

Tenki langu sijui ni kioo au akriliki, nitajuaje?

Gonga na kucha. Kioo kinalia ting, akriliki, yaani plastiki ngumu ya uwazi, inalia butu kama ndoo. Angalia kona, kioo kimeungwa na silikoni inayoonekana kama mstari mweusi au wa uwazi, akriliki imeungana yenyewe huoni gundi, na mara nyingi kona zake zimepinda. Kama ni akriliki chuma chochote marufuku, sahau kila nilichosema kuhusu wembe. Tumia blade ya plastiki au kadi ya benki iliyoisha muda, na hapa uvumilivu unahitajika maana akriliki inakwaruzika hata kwa kitambaa chenye mchanga. Kwa watu wa akriliki ushauri wangu ni mmoja, usiiache ikomae, pitisha kadi mara mbili kwa wiki hata kama huoni kitu.

Kwenye zile kona zenye silikoni inaganda vibaya, nifanyeje?

Iache. Kweli, iache. Ile silikoni ndo inayoshika lita 300 za maji zisiingie sebuleni kwako, na wembe unaikata kama jibini. Ukikata kidogo leo maji hayavuji leo, yanavuja siku umesafiri. Mimi nasimamisha blade milimita 3 kabla ya kona, nikiiweka sambamba na silikoni wala sio kuielekea, kinachobaki napitisha kadi ya plastiki au mswaki laini, kinachogoma nakiacha kiwe na rangi yake. Hakuna mgeni atakayeinama kuangalia kona.

Nimesikia siki inayeyusha. Naweza kumimina ndani ya tenki?

Hapana. Hapana tena. Siki inayeyusha ndiyo, ila haichagui. Kabla haijamaliza koralaini ya kwenye kioo inakuwa imeshapiga alkali ya maji, yaani uwezo wake wa kuhimili asidi, pH inashuka, matumbawe na konokono wenye maganda ya chokaa nao wanaonja. Halafu siki ni chakula cha bakteria, wanaongezeka kwa kasi, maji yanakuwa kama ya mchele, oksijeni inaisha, usiku samaki wanapanda juu kuhema. Niliitwa saa nne usiku kwa jamaa mmoja aliyemimina chupa nzima, tuliokoa wengi wao kwa kubadili maji na kuwasha pampu zote za hewa, ila sio wote. Wapo wafugaji wanaotia siki matone kidogo kidogo kwa kipimo, hiyo ni habari nyingine kabisa na haihusiani na kusafisha kioo.

Ndimu hivyohivyo. Asidi ya betri naulizwa pia, jamani, asidi ya betri!! Hapana, hata nje ya tenki hapana.

Kwa hiyo siki inatumika wapi?

Kwenye vitu unavyoweza kuvitoa. Pampu, mabomba, kikombe cha skima (kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu), heta, vichujio. Hapo ndo siki inapong'aa. Siki nyeupe ya dukani nusu, maji nusu, ndoo, tumbukiza saa moja hadi usiku mzima kutegemea na unene. Utaona povu, hiyo ni kaboni dayoksaidi inatoka chokaa inapoyeyuka, povu likiisha na koralaini bado ipo badilisha siki, imechoka. Pampu unaweza kuiwasha ndani ya ndoo ijisafishe yenyewe ndani kwa ndani, kisha ifungue utoe kile kipropela chake chenye sumaku, usugue kwa mswaki pamoja na tundu lake, maana pampu nyingi zinazopiga kelele au kupunguza nguvu hazijafa, zimejaa chokaa tu. Nimeshaona watu wananunua pampu mpya kwa kukosa siki ya siku moja.

Unga wa asidi ya sitriki, wanauza wanaotengeneza juisi na sabuni, unafanya haraka zaidi na haunuki. Vijiko vikubwa vitatu au vinne kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu inatosha. Heta ichomoe kwenye umeme uiache majini kama robo saa ipoe kabla ya kuitoa, ukiitoa ikiwa ya moto inapasuka. Baada ya yote suuza mara mbili tatu na maji safi.

Halafu fanyia kazi hii jikoni au uani kwenye sinki. Sakafu ya teraso na kaunta ya marumaru nazo zina chokaa, siki ikimwagika inaacha doa jeupe lisilotoka. Na kamwe usichanganye siki na jiki, inatoka gesi ya klorini, hiyo inaua mtu sio koralaini.

Nimenunua tenki la mtumba limekauka, kioo chote kimejaa magamba meupe na pinki iliyofifia

Hilo sasa ndo raha, hakuna samaki ndani kwa hiyo asidi ruksa. Lilaze tenki ubavuni kioo unachosafisha kiwe chini, upande wa mdomo uinuke kidogo siki isimwagike, mimina siki ya uvuguvugu ifunike, acha saa mbili, kwangua, geuza upande. Kama ni kubwa huwezi kuligeuza, chovya karatasi za jikoni kwenye siki uzibandike kwenye kioo, funika na nailoni ya kufungia chakula isikauke, rudi baadae. Usikwangue kavu. Magamba makavu yanavunjika vipande vyenye ncha na kama kuna mchanga umenasa humo unajichorea mwenyewe. Ukimaliza suuza, jaza maji ya bomba liache siku nzima uangalie silikoni kama inavuja, maana tenki lililokaa kavu miaka silikoni yake siiamini.

Hakuna samaki au mdudu wa kula hii kitu nipumzike?

Yupo, ila sio unavyofikiri. Wale konokono wote unaouziwa kama wasafishaji wanakula mwani laini, koralaini wanaipita juu kama lami. Anayeikwangua kweli ni nungu wa baharini, yule mviringo wa miiba, ana meno matano magumu chini ya tumbo. Jamii ya miiba mirefu myeusi, Diadema, hao hao ukiwakanyaga maji yakitoka ufukweni unachechemea wiki, wanakula vizuri lakini wanakua wakubwa na miiba inachoma mkono wako kila ukisafisha. Kwa tenki la nyumbani bora wa miiba mifupi kama Mespilia globulus, mdogo, ana mistari ya bluu, na ana tabia ya kujivika maganda ya konokono kichwani kama kofia, watoto wanampenda.

Shida zake sasa. Nungu hafuati mpangilio akila, anaacha njia nyeupe za kujipinda kioo kizima kama mtoto aliyepewa chaki. Anakula na ya kwenye mawe ambayo unaitaka. Anaangusha matumbawe ambayo hujayagandisha. Koralaini ikiisha anakufa njaa usipomtupia mwani. Na hapendi kabisa chumvi kubadilika ghafla wala dawa yoyote yenye shaba, ukitibu samaki kwa shaba kwenye tenki hilo nungu amekwenda. Mimi namweka kwa wateja wenye matenki makubwa tu, kama msaidizi, wembe unabaki palepale.

Kuna aliyeniuliza kuhusu pono. Pono anatafuna mwamba kwa lile domo lake kama kasuku na kunya mchanga, ni kweli kabisa, ila huyo ni samaki wa baharini na wa sahani, tenki lako atalimaliza na kulikinai mwezi mmoja.

Nikizima taa wiki nzima itakufa?

Mwani wa kijani utateseka, koralaini itakucheka. Mwaka 1984 watafiti waliikuta koralaini kwenye mlima wa chini ya bahari karibu na kisiwa cha San Salvador huko Bahamas, mita 268 kwenda chini, mahali ambapo mwanga wa jua umebaki chembe isiyofika hata moja ya elfu. Kitu kinachoishi huko wewe unakitishia kwa kuzima taa ya sebuleni? Utaua matumbawe yako kwanza. Kinyume chake ndo hutokea, ukibadilisha taa ukaweka kali zaidi ghafla, koralaini ya juu inaungua inakuwa nyeupe, halafu baadae inarudi.

Si nipunguze kalsiamu basi isiote?

Tenki la samaki peke yake bila matumbawe, unaweza kuacha kuongeza kalsiamu, badilisha maji tu kawaida, itapungua kasi. Lakini alkali usiiache ianguke, ndo inayoshikilia pH. Tenki la matumbawe huna ujanja, wanachokula wao ndo inachokula koralaini. Maji ya bahari yana kalsiamu kama miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu kama 1,300, alkali karibu 7 dKH (hicho ndo kipimo cha alkali), na wafugaji wengi wanashikilia alkali 8 au 9. Ukiwa huko koralaini inasherehekea, kubali.

Na ujue inakula kweli. Kila alkali ikishuka 2.8 dKH kwa kujenga chokaa, kalsiamu inashuka kama miligramu 20 kwa lita. Ukiona alkali inashuka na matumbawe yako ni mawili tu, angalia kioo cha nyuma, mlaji ni yule. Siku ukikwangua kioo kikubwa chote, matumizi yatapungua kwa muda, kwa hiyo pima kabla hujaendelea kutia dozi ileile.

Wanaoniuliza kuhusu fosfeti, ile inayotokana na chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki, ikiwa juu ni kweli inazuia chokaa kuganda, ndo maana nikasema mwenye tenki chafu hana hii shida. Ila utapata mwani wa nywele badala yake na utaikumbuka koralaini kwa machozi.

Vile vipande vinavyodondoka vina madhara? Vitaota tena?

Sumu havina. Kuota ndio, kukwangua kunatawanya mbegu na vipande vingine vikiangukia jiwe vinaendelea na maisha. Nafanya hivi, pampu zimezimwa, nakwangua, nasubiri dakika kumi vitue, halafu navuta na mpira wa kunyonyea maji wakati huohuo nikibadilisha maji, kwa hiyo kazi mbili safari moja. Tumbawe lililofunikwa na unga lipulizie kwa bomba dogo la kunyonyea, lisiachwe hivyo.

Mimi shida yangu ni kinyume, nataka pinki kwenye mawe na haioti

Hehe, na hawa wapo wengi. Pima alkali, kalsiamu na magnesiamu, zisiwe zinapanda na kushuka kama lifti, hiyo ndo sababu namba moja. Omba kwa rafiki mwenye tenki zuri unga aliokwangua, umwage kwako mbele ya pampu. Halafu subiri miezi. Chupa za rangi ya pinki za kupaka mawe usinunue.

Imegeuka nyeupe ghafla yote, imekufa?

Nyeupe ni chokaa bila mwenyewe, ndio imekufa sehemu hiyo. Kama ulibadilisha taa, ndo hiyo. Kama jiwe lilikaa nje ya maji ukisafisha, au umeme ulikatika siku nzima na maji yakapata joto, ndo hiyo. Kama hakuna kilichobadilika, pima alkali leo hii usisubiri Jumamosi.

Mkono wangu una kidonda, naweza kusafisha?

Vaa glavu ndefu au msubiri mtu mwingine. Kuna bakteria anaitwa Mycobacterium marinum anayekaa kwenye matenki, anaingia kwenye mchubuko na kuacha vinundu visivyopona kwa wiki au miezi, na hospitali wakati mwingine wanahangaika kumjua kwa sababu mgonjwa hasemi kwamba anafuga samaki. Sema. Hata bila kidonda osha mikono kabla, bila losheni wala sabuni iliyobaki, na baada yake osha tena.

Na hivi viduara vyeupe vilivyojiviringa kama konokono mdogo sana, vigumu, vimejaa kwenye kioo?

Hao ni minyoo midogo wenye vibomba vya chokaa, hawana shida na mtu. Wembe uleule, angle ileile, wanabanduka kirahisi kuliko koralaini.